Bao la Namba Sita

Jumatatu hiyo Kipa alikuja Dunga na gazeti limekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa jaketi. Tulikuwa sita mezani, pale kwa mama anayekaanga ngege karibu na maboti, na samaki walikuwa bado hawajaiva. Alilifungua gazeti juu ya meza, akalinyoosha kwa viganja kama mtu anayepiga pasi, akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa wa michezo, chini ya tangazo la betri za gari.

"Someni," akasema. "Someni kwa sauti, hata hawa samaki wasikie."

Sentensi mbili. Zilisema kwamba timu ya wanawake ya chuo chetu ilishinda 2-1 Jumamosi katika mpira wa magongo, zikataja waliotupigia mabao, basi. Jina la kipa halikuwepo, ingawa kipa huyo aliokoa kona tatu za adhabu mfululizo katika robo ya tatu na bado alikuwa na alama ya bluu kwenye paja. Juu ya sentensi hizo kulikuwa na picha ya mchezaji wa klabu fulani ya Uingereza akifunga kamba za viatu. Picha ilikuwa kubwa kama sahani ya ugali.

"Huyu anafunga kamba," Kipa akasema. "Mimi nimefunga goli lote kwa mwili wangu. Nani ana picha?"

Tukacheka. Halafu tukaanza ule ubishi ambao watu wa magongo huku kwetu huwa nao kila wakikaa pamoja, kama wakulima wanavyozungumzia mvua.

Kipa alisema magazeti hayatupendi. Kwake ni jambo la dharau tu: wahariri wako Nairobi, wanajua mpira wa miguu, raga na riadha, na wakisikia magongo wanadhani ni mchezo wa watu waliovunjika miguu. Hilo la mwisho si uongo mtupu. Mjomba wangu alipoambiwa nimejiunga na timu ya magongo aliniuliza nimeumia lini, na kama nimekwenda hospitali.

Profesa, ambaye hajawahi kufundisha popote ila tunamwita hivyo kwa sababu hubisha akiwa amefumba macho, alisema lawama ni zetu. "Buda, Jumamosi tulikuwa mashabiki wangapi? Nilihesabu. Watu 41, na nimejumuisha dereva wa basi la wageni aliyekuwa amelala. Gor wakicheza hapa Moi Stadium, mpaka miti inabeba watu. Gazeti linafuata watu. Ukitaka kamera, leta umati."

"Na umati utakujaje kama hausikii kuna mechi?" Kipa akauliza.

"Na gazeti litaandikaje kama hakuna umati?"

Wakabaki hapo wakizunguka, kuku na yai, yai na kuku, mpaka mama wa samaki aliyekuwa akigeuza ngege kwenye mafuta akauliza bila kutuangalia: "Nyithinda, kwani hiyo mechi mlimwambia nani?"

Hakuna aliyejibu.

"Mimi nasikiliza redio kuanzia asubuhi mpaka nifunge. Wanasoma matangazo ya matanga, mbuzi aliyepotea, harambee ya kanisa. Mtu amepoteza mbuzi anapiga simu. Nyinyi mmeshinda mechi, mmempigia nani?"

Mezani alikuwepo msichana ambaye hadi wakati huo hakuwa amesema kitu. Nitamwita Namba Sita, kwa sababu ndiyo jezi aliyovaa Jumamosi. Alikuwa amelivuta gazeti upande wake, amesoma zile sentensi mbili, halafu akazisoma tena. Aliposema, alisema polepole, kama mtu anayeomba chumvi.

"Bao la pili nilifunga mimi."

Kipa akalichukua gazeti. Akasoma. Jina lililoandikwa lilikuwa la nahodha, anayevaa namba tisa.

"Ona sasa! Hata hawakuja! Wanaandika vitu vya kubuni wakiwa wamekaa Nairobi na viyoyozi!"

Mimi nilikuwa nikitazama ziwa. Kati ya watu sita pale mezani, mmoja tu alijua ni nani aliyezituma sentensi zile, na mtu huyo alikuwa mimi.

*

Kabla sijaeleza, nieleze kwanza kwa nini magongo ni jambo kubwa kwetu, maana ukiishi Nairobi unaweza kudhani huu ni mchezo wa watu wa Parklands.

Huku kando ya ziwa na milima ya jirani, magongo huanza sekondari. Nyamira Girls ya Bondo, Sinyolo Girls ya hapa Kisumu, Tigoi Girls ya Vihiga: hizi ni shule zilizopigania mataji ya taifa na ya Afrika Mashariki, na zikikutana, wazazi huacha shamba. Upande wa wavulana kuna Musingu ya Kakamega, Kamusinga ya Bungoma, St Anthony's ya Kitale. Ukichunguza orodha ya wachezaji wa vyuo vikuu vya Nairobi na viunga vyake vilivyo kwenye ligi, USIU, Strathmore, JKUAT, Kenyatta, utakuta majina ya Nyanza na Magharibi yamejaa tele. Kisumu yenyewe ina Lakers, timu ya wanawake ambayo imecheza ligi ya taifa, na kucheza ligi ya taifa kutoka Kisumu maana yake ni kupanda basi, kwenda karibu kilomita 350, kucheza, na kurudi usiku ili Jumatatu watu wawe kazini au darasani.

Na nchi hii si mgeni katika magongo. Kenya imecheza Olimpiki mara saba katika mchezo huu, kuanzia 1956 hadi 1988. Mwaka 1971, Kombe la Dunia la kwanza kabisa lilipochezwa Barcelona, Kenya ilimaliza ya nne kati ya timu 10, baada ya kufungwa bao moja tu na wenyeji Uhispania kwenye nusu fainali. Ya nne duniani. Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne, 1960 hadi 1972. Niliwahi kuuliza darasa zima la wenzangu chuoni kama wanamjua. Mmoja alisema labda ni mwenye duka la vipuri.

Siwalaumu, kwa sababu nani angewaambia? Timu ya wanawake iliyokuwa ikiitwa Telkom, leo inaitwa Blazers, imebeba kombe la vilabu vya Afrika mara nyingi kuliko vidole vya mkono mmoja. Ingekuwa ni mpira wa miguu tungekuwa na nyimbo, vitenge, na watoto waliopewa majina ya mabeki.

*

Sasa Jumamosi ile.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, maana yake najitegemea kwa sababu hakuna mwingine wa kumtegemea. Huwa naandika chochote: maelezo ya bidhaa za duka la intaneti, hotuba za harusi, wasifu wa mtu anayetafuta kazi ninayoitaka mimi. Gazeti moja lilikuwa limekubali kupokea habari fupi za michezo kutoka huku, shilingi 500 ikichapishwa, sifuri isipochapishwa. Nauli ni juu yangu. Jina langu haliwekwi.

Mechi ilikuwa kwenye uwanja wa shule moja karibu na Maseno. Uwanja wenyewe ni wa nyasi na mashimo, si ule wa nyasi bandia unaomwagiwa maji ambao mchezo huu unautaka siku hizi. Kwenye nyasi zetu mpira huruka kama panzi. Mchezaji anayeweza kuutuliza pale, ukimpeleka kwenye uwanja laini atacheza kama amefunguliwa pingu. Jezi za wasichana wetu zilikuwa za kuazima, na namba mbili zilikuwa zimeng'oka zikabandikwa upya kwa plasta nyeupe. Sita na tisa.

Magongo huchezwa robo nne za dakika 15. Tulipata bao dakika za mwanzo, wageni wakasawazisha robo ya pili, robo ya tatu Kipa akafanya yale niliyosema. Nilikuwa naandika kila kitu kwenye daftari. Robo ya nne ilipoanza, simu yangu ilikuwa na asilimia 6 ya moto, na mhariri alikuwa ameniambia wazi: baada ya saa kumi na moja na nusu, ukurasa unafungwa. Kulikuwa na mvua inakuja kutoka upande wa milima ya Nandi. Nilijiambia mechi hii inaisha 1-1, kila mtu anaona. Nikadandia boda hadi Luanda, nikaingia kwenye kibanda cha kuchajisha simu, nikaanza kuandika.

Dakika kumi baadaye nikampigia rafiki aliyebaki uwanjani.

"Imeisha?"

"Imeisha! Tumeshinda! Mbili moja!" Nyuma yake watu wanaimba.

"Nani amefunga?"

"Kona ya adhabu, dakika za mwisho, manze ungeona! Yule namba tisa!"

Namba tisa ni nahodha. Nikaandika nahodha. Nilituma maneno 420, yakiwa na mvua, mashimo, kona tatu za Kipa na kila kitu. Zilichapishwa sentensi mbili. Na katika sentensi hizo mbili, kitu kimoja ambacho sikukiona kwa macho yangu ndicho kilichobaki, na kilikuwa kosa. Ile sita ya plasta ilikuwa imelegea, ikageuka kichwa chini.

Kwa hiyo Kipa aliposema waandishi wanabuni vitu wakiwa wamekaa, alikosea mahali tu. Sikuwa Nairobi na kiyoyozi. Nilikuwa Luanda, kwenye benchi, katikati ya muuza mitumba na fundi wa redio. Ila kukaa, nilikaa.

*

Sikukiri siku hiyo mezani. Nilikula ngege wangu, nikalipa, nikasema nina kazi. Njiani kurudi Manyatta nilijitetea kichwani kama wakili, na baadhi ya hoja zangu zilikuwa nzuri, kwa hiyo nitazitaja.

Hoja ya kwanza: habari hugharimu. Mechi ya London humfikia mhariri mezani ikiwa imeshaivishwa. Shirika la habari limeleta maneno, picha, takwimu, hata majeraha. Kinachobaki ni kupunguza urefu. Mechi ya Maseno inahitaji mtu apande matatu, asimame juani saa moja na nusu, ajue kanuni, na arudi na majina yaliyoandikwa sawasawa. Gharama ya mechi hiyo moja ya kwetu ingenunua ukurasa mzima wa Uingereza. Kwa hiyo si kwamba mhariri anatuchukia. Sisi ni ghali, halafu hatuleti pesa.

Hoja ya pili: pesa za michezo nchini zinafuata kamari. Watu husoma ukurasa wa michezo wakiwa na mkeka mfukoni. SportPesa ilipositisha ufadhili wake mwaka 2019, hata Gor Mahia, timu yenye mashabiki kila kona ya nchi, walihangaika. Sasa fikiria mchezo ambao hakuna anayeuwekea hata shilingi kumi. Nani atataka kujua matokeo yake kabla ya kulala?

Hoja ya tatu nilipewa na binamu yangu aliyeko Minnesota. Nilimweleza kisa hiki usiku huohuo, bila kutaja sehemu yangu. Alicheka. Akasema kule kwao magongo huchezwa kwenye barafu, vyuo vikuu vina viwanja vinavyoingiza maelfu ya watu, na bado mashabiki wake kila wiki wanalia kwamba televisheni zinawapa muda wote wachezaji wa futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu. Alinitajia mashindano ya Boston yanayoitwa Beanpot, vyuo vinne vya eneo moja vinavyopambana kila Februari, mashindano yaliyoanza mwaka 1952. "Hapo Boston ni kama sikukuu," akasema. "Ukitoka Boston, watu wanauliza ni maharagwe ya aina gani."

Hiyo ilinifariji kwa dakika tano. Halafu nikakumbuka Ice Lions.

Kama huwajui: ni Wakenya wanaocheza magongo ya barafu kwenye kiwanja kidogo kilichoko ndani ya Hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, Nairobi. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada na kampuni ya kahawa, wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na video ikazunguka dunia. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kwenye shirikisho la dunia la mchezo huo. Ni watu wa kupongezwa, na sina neno baya juu yao. Lakini angalia vile habari inavyopenda. Mwafrika kwenye barafu ni ajabu, kwa hiyo dunia nzima ilikuja na kamera. Msichana wa Vihiga anayepiga mpira wa magongo vizuri si ajabu. Ni jambo la kila Jumamosi. Na jambo la kila Jumamosi ndilo hasa linalohitaji mtu wa kuja kila Jumamosi.

Hapo ndipo utetezi wangu ulipokwama. Hoja zote tatu zilieleza kwa nini gazeti halikutuma mtu. Hakuna hata moja iliyoeleza kwa nini mtu aliyekuwepo aliondoka.

*

Siku tatu baadaye nilimtafuta Namba Sita. Nilimkuta nje ya maktaba ya chuo. Mimi si mwanafunzi tena. Niliacha mwaka wa tatu, deni la karo liliponizidi, na kadi yangu haifungui lango lolote. Lakini pembeni mwa uwanja wa mazoezi hakuna anayeuliza kadi, na ndiyo sababu bado niko na timu hii. Ni sehemu pekee ya chuo iliyobaki yangu.

Nilimwambia yote. Boda, Luanda, asilimia 6, namba ya plasta.

Nilitegemea atakasirika au atasema haidhuru. Alifanya kitu kibaya zaidi. Alitoa faili kwenye begi, moja ya zile za karatasi ngumu ya kijani, akanionyesha.

Ndani mlikuwa na cheti cha shule ya sekondari, barua ya mwalimu wake wa michezo, na picha moja ya timu ambayo uso wake ulikuwa umefichwa nusu na bega la mwenzake. Kulikuwa na chuo kimoja Nairobi, chenye timu kwenye ligi, kilichokuwa kikipokea maombi ya ufadhili kwa wanamichezo. Karo yake hapa ilikuwa na deni la mihula miwili. Waombaji walitakiwa kuambatisha ushahidi wa uchezaji wao: video, au habari iliyochapishwa.

"Video sina," akasema. "Nani wa kurekodi? Nikasikia wewe huandikia gazeti. Nikajua ulikuja Jumamosi, nilikuona na daftari. Ndio maana kwa ile kona niliomba nipige mimi. Kwa kawaida hupiga nahodha."

Nilisimama pale nikitafuta neno.

"Kwa hiyo ulijua ni mimi? Pale Dunga?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uone kama utasema."

Nilimwandikia mhariri nikiomba marekebisho. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, maneno mawili: habari imepita. Nikaandika tena, nikaeleza kuhusu ufadhili. Hakukuwa na jibu. Sikuwa na haki ya kumkasirikia sana. Yeye alikuwa amechapisha nilichompa.

Kwa hiyo nikafanya nilichoweza. Nilikaa na Kipa, na nahodha, na kocha, na yule rafiki niliyempigia simu, nikaijenga upya robo ya nne ambayo sikuiona. Nahodha, ambaye alikuwa amepewa bao lisilo lake na angeweza kunyamaza, ndiye aliyeeleza vizuri kuliko wote: jinsi mpira ulivyosukumwa kutoka mstari wa nyuma, jinsi ulivyogonga shimo ukaruka, jinsi Namba Sita alivyouacha utue kwanza halafu akaupiga chini, upande wa kushoto wa kipa, mvua ikianza. Nilitafuta pia karatasi ya refa. Ilikuwa na jina lake, limeandikwa kwa kalamu ya bluu, dakika ya 57. Karatasi ndogo iliyolowa pembeni, na ndiyo ilikuwa habari sahihi kuliko gazeti.

Nikaandika ripoti ya mechi, kurasa mbili. Niliweka tarehe, uwanja, orodha ya wachezaji wote wa pande zote mbili, mabao kwa robo. Kocha akatia sahihi, nahodha akatia sahihi, tukaambatisha nakala ya karatasi ya refa. Chini kabisa niliandika kwamba habari iliyochapishwa gazetini ilikuwa na kosa la jina la mfungaji, na kwamba kosa hilo lilikuwa la mwandishi, nikaweka jina langu na namba ya simu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza jina langu limekaa chini ya habari ya magongo.

Alikwenda Nairobi kwa basi la usiku na ile faili ya kijani.

*

Ubishi wetu wa Dunga haujaisha, na sidhani utaisha. Kipa bado anasema ni dharau. Profesa bado anafumba macho na kusema leteni umati. Nimewaambia wote niliyoyafanya, na Kipa hakuongea nami kwa wiki moja na nusu, jambo ambalo kwa Kipa ni rekodi. Aliporudi kuongea alisema: "Omera, hata zile kona tatu zangu hukuzipigania." Nikamwonyesha yale maneno 420 kwenye simu. Aliyasoma mpaka mwisho akiwa amesimama, akaniambia nimtumie.

Lakini anayenijia kichwani kila wakati ni mama wa samaki na swali lake. Mlimwambia nani? Sisi mashabiki wa vyuo tulikuwa tunabishana kuhusu vyombo vya habari kana kwamba ni hali ya hewa, kitu kinachotoka mbali na kutunyeshea au kutunyima. Wakati huohuo hatukuwa na orodha ya ratiba yetu wenyewe. Hatukuwa na picha za wachezaji. Chuo hakikuwa na mtu wa kuandika matokeo, wala sisi. Ukituuliza nani alifunga bao mwaka juzi dhidi ya nani, tutakupa majibu manne na ugomvi mmoja. Timu ya 1971 haikusahaulika kwa sababu gazeti moja liliamua iwe hivyo. Watu wengi, mmoja mmoja, waliondoka robo ya nne.

Sisemi kwamba magazeti hayana deni. Yana deni kubwa, na siku nikikutana na mhariri anayetaka kulilipa nitamwonyesha pa kuanzia. Ninasema tu kwamba sitangoja.

Siku hizi nina daftari la hesabu la kurasa 200, lenye mraba, nililonunua Kibuye. Kila mechi ninayoifikia ina ukurasa wake. Tarehe, uwanja, majina, namba, mabao, dakika, nani aliokoa nini. Jumapili jioni naipigia simu redio ya hapa, na mtangazaji anayesoma matangazo ameanza kunijua. Husoma matokeo yetu kwa Kijaluo baada ya matanga na kabla ya mbuzi waliopotea. Wiki ya kwanza alitamka jina la Kipa vibaya. Wiki ya pili alilitamka vizuri. Mama wa samaki akalisikia, na Kipa akapewa ngege mkubwa bila kuongeza pesa. Yeye huhesabu hiyo kuwa ndiyo habari bora zaidi iliyowahi kutolewa kuhusu magongo nchini Kenya.

Kutoka Nairobi, Namba Sita aliitwa kwa majaribio, siku mbili, kwenye uwanja wa nyasi bandia. Aliniambia mpira haukuruka hata mara moja, na kwamba siku ya kwanza alikuwa akikosea kwa sababu aliusubiri uruke. Siku ya pili alizoea. Majibu ya ufadhili yatatoka kabla ya muhula kuanza. Bado hayajatoka. Nimemuuliza mara tatu, na mara ya tatu aliniambia niache kuuliza, nitasikia kama watu wengine.

Wiki iliyopita alirudi kucheza mechi moja nasi. Ilinyesha kuanzia robo ya pili. Profesa alijificha chini ya mwembe, dereva wa basi la wageni akalala kama kawaida yake, na mashabiki wakabaki labda kumi na tano. Mimi nilifunga daftari ndani ya mfuko wa plastiki, nikabaki na kalamu, nikawa naandika mkononi. Dakika za mwisho Namba Sita alipita karibu na mstari nilipokuwa nimesimama, akageuka kuniangalia, si kwa tabasamu, kwa kuhakikisha tu. Halafu akarudi mchezoni.

Filimbi ya mwisho ilipulizwa 0-0. Nikaandika hivyo.